Jina la Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye na kikombe cha kahawa akae nacho karibu. Jioni hii tunamkumbuka mtu mmoja tu. Ratomir Belić, wa Lambadal. Alikuwa mchezaji, kisha akawa meneja wa timu ya kijiji kwa miaka ishirini. Amefariki Ijumaa iliyopita akiwa na miaka sitini na tano. Moyo ulisimama akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, anafunga kamba za viatu. Tumemzika jana.

Nasema meneja, lakini msije mkaona suti na tai. Meneja wa Lambadal ndiye aliyepanga kikosi, ndiye aliyefua jezi, ndiye aliyepiga chokaa mistari ya uwanja, na mvua ikiifuta ndiye aliyepiga tena. Leo Lambadal ina watu tisini. Alipofika yeye ilikuwa na watu mia nne na ushee. Shikeni idadi hizo mbili. Maisha ya Ratomir yalipita kati ya moja na nyingine.

Mengi nitakayowasimulia nimeyapata kwa Elspa, mkewe. Nilikaa jikoni kwake siku mbili. Alikuwa analia kidogo, anacheka kidogo, anasahau kwamba ameshanimiminia kahawa, ananimiminia tena.

Ratomir alizaliwa mbali. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto Danube, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia, nchi ambayo leo haipo. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mbio. Mwaka 1988, akiwa na miaka ishirini na tisa, wakala mmoja alimwambia anampeleka kucheza Denmark. Wala hakudanganya sana. Alisahau tu kusema kwamba bendera ya Denmark inafika mpaka huku kwetu visiwani, katikati ya bahari, kwenye kondoo wengi kuliko watu na jua la kubahatisha. Ratomir akashuka kwenye feri amevaa viatu vyeupe.

Aliyempokea ni Dánjal, mwenyekiti wa timu, ambaye yuko hai na bado ni mbishi. Dánjal akampakia kwenye gari la samaki. Wakaenda, wakaenda. Gari liliposimama mbele ya banda la nyavu, Ratomir akauliza kwa Kijerumani cha kuokoteza na kwa mikono: "Mji uko wapi?"

"Tumeshaupita," Dánjal akamjibu.

Mkataba ulikuwa wa misimu miwili. Ikaisha, akaongeza mmoja, ili arudi kwao na kitu mkononi. Msimu huo huo watu wa nchi yake wakaanza kuuana. Mama yake akamwandikia barua fupi: usije sasa. Hiyo "sasa" ikawa miaka tisa. Katika mwaka wa sita mama akafariki, na Ratomir akapata habari wiki tatu baada ya mazishi. Elspa anakumbuka siku hiyo. Ratomir alisoma barua, akaikunja, akaenda kupiga chokaa uwanja ambao haukuwa na mechi.

Walikutana kiwanda cha samaki, yeye na Elspa. Timu ya kijiji hailishi mtu, kwa hiyo kila mchezaji alikuwa na kisu chake pale kiwandani. "Alikuwa anatoa minofu kama mtu anayepasua kuni," Elspa alinisimulia. "Nikamwambia, wewe bwana, huyo samaki ameshakufa, unamwadhibu kwa kosa gani? Hakuelewa hata neno moja. Akacheka tu. Nikasema, basi, huyu nitamfundisha."

Akamfundisha samaki, akamfundisha lugha, akamfundisha kula nyama ya kondoo iliyoning'inizwa kwenye upepo miezi tisa. Jambo moja lilimshinda kumfundisha. Kwetu hatubishi hodi. Unafungua mlango, unaingia, unaita ukiwa tayari ndani. Ratomir alibisha hodi miaka thelathini na sita. Lambadal wakawa wanasema, mlango ukigongwa, ni polisi au ni Rato.

Walioana. Mwaka 1994 akazaliwa Høgni, mtoto wao wa pekee. Mwaka 1996 goti la Ratomir likagoma. Mwaka 1997 Dánjal akamkabidhi timu, na tangu hapo Ratomir Belić akawa meneja wa Lambadal. Mwaka 1997, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa na wachezaji ishirini na wawili. Alikuwa na watu wa kuwaweka benchi, anasema Elspa, mpaka wengine walikuwa wanamnunia.

Sasa nisikilizeni vizuri, nifike kwenye mechi ya nyangumi.

Ilikuwa Agosti ya 1999, Lambadal nyumbani dhidi ya Skarvík, jirani zao wa upande wa pili wa mlima. Lambadal wakishinda, wanapanda daraja. Haijawahi kutokea tangu kijiji kiwe kijiji. Dakika ya sabini na nne wanaongoza mawili kwa moja. Ratomir yuko ukingoni mwa uwanja, sauti imeshamkauka, anahesabu dakika kwa vidole.

Ndipo honi ya gari ikalia barabara ya juu. Kisha ya pili. Kisha mwanamume akaonekana anashuka mteremko mbio, amevua sweta, analipunga juu. "Ghubani! Nyangumi ghubani!"

Hapa kwetu sina haja ya kueleza: nyangumi wakiingia ghubani, kila mtu anaacha alichoshika, mashua zinawaswaga mpaka ufukweni, na nyama inagawanywa kijiji kizima. Lakini Ratomir alikuwa hajaiona siku hiyo ikiangukia ndani ya mechi. Wa kwanza kuondoka alikuwa kipa, Eyðun, pamoja na glavu zake. Wakafuata mabeki. Wakafuata washambuliaji wa Skarvík, maana mashua hazina timu. Refa akapiga kipenga, akatazama saa, akaandika dakika kwenye kitabu chake, halafu naye akakimbia, kwa sababu alikuwa na hisa katika mashua moja.

"Rudini!" Ratomir alipiga kelele. "Dakika kumi na sita! Jamani, dakika kumi na sita tu! Nyangumi watangoja!"

"Hawangoji!" Eyðun akamjibu bila kugeuka.

Akamwendea mkewe. "Elspa, waambie wewe. Wewe watakusikia."

Elspa akamtazama. Akamweka Høgni mikononi mwake, mtoto wa miaka mitano. "Mshike huyu," akamwambia, akapandisha sketi, akakimbilia ufukweni na wenzake.

Ratomir alibaki katikati ya uwanja, na mtoto, na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu ambaye mjukuu wake alikuwa amemsahau. Elspa ananiambia, akicheka mpaka anajifuta macho, kwamba bibi yule alimwambia Ratomir: "Hata mimi ningekuwa na magurudumu mazuri, mwanangu, usingenikuta hapa."

Jioni ile afisa wa wilaya alisimama juu ya jiwe la bandarini akasoma mafungu ya nyama, nyumba kwa nyumba, kama desturi. Miaka yote Ratomir alikuwa anahesabiwa chini ya jina la baba mkwe wake. Jioni ile afisa akasoma: "Belić, Ratomir. Watu watatu." Watu hawakugeuka hata kutazama. Kwao lilikuwa jina kama mengine. Ratomir alisimama na ndoo mbili, machozi yanamtoka, na Elspa akadhani analilia mechi.

"Ni mechi?" akamuuliza.

"Ni mechi," akasema. Baada ya miaka ndipo alipomwambia kwamba haikuwa mechi.

Dakika kumi na sita zilizobaki zilichezwa Jumatano. Skarvík wakafunga mawili. Tatu kwa mbili. Lambadal hawakupanda daraja siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Na aliyefunga bao la tatu, wasikilizaji wapendwa, ni mtu ambaye sauti yake mnaisikia sasa hivi. Nilifurahi sana. Nilicheza ngoma mbele ya benchi lao kama mjinga. Ratomir alinipa mkono akasema, "Mguu mzuri." Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sikujua nilichokuwa nakitazama.

Kwa sababu baada ya hapo ikaanza ile mechi nyingine, ambayo haina refa. Kiwanda cha samaki kikafungwa. Waliokuwa na kisu pale wakafuata kazi mji mkuu, wengine Denmark, wengine meli za Norway. Shule ikabaki na watoto watano, ikafungwa. Duka likawa linafunguliwa Jumanne na Ijumaa. Ratomir akapata kazi ya kufagia theluji barabarani na kulisha samaki kwenye vizimba vya baharini. Alibaki na timu yake. Wachezaji ishirini na wawili wakawa kumi na saba. Kumi na saba wakawa kumi na wanne.

Shirikisho linataka majina. Ukitaka kuingia ligi, fomu yako iwe na majina kumi na moja kufikia saa sita mchana, siku ya mwisho ya Februari. Majina yasipotimia, hakuna timu. Kila Februari Ratomir alizunguka na fomu hiyo nyumba kwa nyumba. Akigonga mlango, watu walikuwa wanapiga kelele kutoka ndani: "Ingia, Rato, tunasaini, usituvunjie mlango!" Alisajili waliokuwa na miaka arobaini na tano. Alisajili mchungaji msaidizi, ambaye alikuwa hajui kupiga kwa mguu wa kushoto wala wa kulia. Dánjal akamwambia, "Bwana, bado kidogo utatusajilia kondoo." Ratomir akajibu kwamba kondoo ana pumzi kuliko mchungaji.

Februari ya 2016 alikuwa na majina kumi na moja kamili. Hakuna wa akiba. Jina la kumi na moja lilikuwa la mwanawe, Høgni, mwenye miaka ishirini na miwili. Mshambuliaji. Mguu wa baba yake, wanasema, ila yeye alikuwa na wa kulia pia.

Siku ya mwisho ya Februari, asubuhi, Høgni akaingia jikoni na barua. Chuo cha ufundi wa meli, Denmark, kilikuwa kimempa nafasi. Mmoja ameghairi, yeye amepanda kwenye orodha. Masomo yanaanza Machi. Jibu linatakiwa siku hiyo hiyo.

Fomu ilikuwa mezani. Wote watatu waliiona. Elspa anasema aliendelea kumenya viazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Baba," Høgni akasema, "ukiniambia nibaki, nitabaki."

Ratomir akaisoma barua mpaka mwisho.

"Nakuuliza, baba. Naweza kuomba tena mwakani."

"Mwakani nafasi haipo," Ratomir akasema. "Nenda kawajibu watu."

Kijana akatoka kwenda kupiga simu. Hapo Elspa akaweka kisu chini. "Mwambie abaki," akasema. "Unamsikia? Mtoto anaomba umwambie! Una mdomo wa kuwakaripia marefa wa visiwa vyote kumi na vinane, mwanao humwambii neno moja?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Elspa, mama yangu alinisindikiza kituo cha basi. Alisimama pale na mkoba wake. Alinifunga skafu, hakusema neno. Angesema neno moja, ningebaki. Neno moja tu."

"Basi liseme wewe!"

"Ndiyo maana silisemi," akajibu. "Nitakuwa nimemfunga."

Elspa alinieleza haya juzi, na hasira bado iko kwenye sauti yake. Hajui mpaka leo kama mumewe alikosea. Anasema akimfikiria mume, alifanya sawa. Akimfikiria mtoto, alifanya sawa. Akijifikiria yeye mwenyewe jikoni mle, anataka kuvunja sahani.

Saa tano na nusu Ratomir alifuta jina la Høgni kwenye fomu. Akaandika la kwake. Belić, Ratomir, kuzaliwa 1959, winga wa kushoto. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Wasikilizaji wapendwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa jina la kumi na moja. Alicheza msimu mzima. Mechi kumi na nane. Alipoteza kumi na saba. Nilikuwa kocha wa Skarvík wakati huo, na nawaambia ukweli, tulipoenda kwao sikujua nimwambie nini beki wangu wa kulia. Kijana akaniuliza, "Kocha, nimkabe yule mzee?" Nikamwambia mkabe. Ningemwambia nini? Akamkaba, na Ratomir akamtukana kwa lugha ya kwao, na nikaona kwamba amefurahi. Upepo siku ile ulikuwa mbaya kiasi kwamba kipa akipiga mpira mbele unamrudia. Sare, bila kwa bila. Hiyo ndiyo pointi moja ya msimu, na Lambadal walipika keki kama wametwaa kombe.

Februari iliyofuata alipata majina manane, la kwake likiwemo. Alizunguka kijiji kizima, akazunguka mara ya pili, akazunguka mara ya tatu. Mara ya tatu, Elspa anasema, aligonga hata nyumba ambazo alijua hazina watu. Elspa alikuwa anamwona kutoka dirishani. Amesimama mbele ya mlango uliofungwa tangu mwaka juzi, anasubiri. Hakwenda kumchukua. Angemchukua ampeleke wapi?

Saa sita ilipofika, Dánjal aliingia, akaketi, akavua kofia. "Rato," akasema, "tumefika. Tufunge."

"Wewe ndiye mwenyekiti," Ratomir akamwambia. "Funga wewe. Mimi nina jezi za kufua."

Akazifua zote ishirini na mbili, safi na chafu. Akazianika nje, na majirani wakadhani kuna mechi.

Vijana wanne waliobaki wakaja kwetu Skarvík. Ratomir ndiye aliyewaleta, mara tatu kwa wiki, kwa gari lake, kupitia handaki la mlimani. Nilimwambia, Ratomir, njoo benchi ukae na mimi. Nilimwambia mara nyingi. Alikuwa anabaki ndani ya gari, ameacha taa ndogo inawaka, anasoma gazeti. "Mimi hapa ni dereva," alikuwa anasema. "Wewe fundisha." Nilijisikia vibaya kila mara, na kila mara nikarudi uwanjani kufundisha wachezaji wake.

Alifanya hivyo mpaka wa mwisho kati ya wale wanne akaondoka. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Høgni kule akamaliza chuo, akapata kazi, akaoa, akapata mtoto wa kike. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Ratomir alikuwa anamuuliza kuhusu injini.

Ijumaa iliyopita Ratomir Belić akafariki. Na Elspa, kabla ya kulia, anasema swali la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa la aibu. Nani atambeba?

Mnajua tunavyozika. Jeneza linatoka nyumbani kwa mikono, linakwenda kanisani kwa mikono, linapanda makaburini kwa mikono, na wanaume wanapokezana sita kwa sita. Dánjal akakaa na Elspa mezani wakaanza kutaja majina. Wakapata tisa. Mmoja ametoka kupasuliwa nyonga. Wawili wana migongo mibovu. Dánjal mwenyewe ana miaka sabini na nane. "Mimi niweke," akasema. Elspa akamwambia, "Wewe nikuweke, halafu niwazike wawili?"

Høgni alikwama Denmark. Ukungu. Uwanja wa ndege wetu umefungwa siku ya nne leo. Mchungaji anahudumia vijiji sita, na siku yake Lambadal ilikuwa jana, jana tu. Elspa alitazama mlima ambao hauonekani, akasema tuzike. Ukungu hauna mwenyewe wa kumlalamikia.

Jana saa tano magari yalitoka kwenye handaki yamewasha taa. Kumi na mawili. Skarvík walikuja bila kuitwa. Niliwaona niliocheza nao mwaka 1999, wamenenepa, wamevaa makoti meusi. Alikuwepo refa yule. Walikuwepo wanaume thelathini na nane. Walijipanga barabarani sita kwa sita, na tukambeba Ratomir kutoka mlangoni kwake mpaka juu, tunapokezana kimya. Mbele alikuwa Eyðun wa Lambadal, kipa wa zamani. Watu wa kwake hawakutosha hata duru mbili. Nasema hivi si kuwaaibisha. Nasema kwa sababu nilikuwa nimeshika mshikio wa kushoto wa jeneza, na niligeuka nyuma, na nikaona.

Baada ya mazishi nilikaa na Elspa. Nikamwuliza atafanyaje sasa. Akasema Høgni amemwambia ahamie kwao, Denmark. Kuna chumba. Kuna mjukuu ambaye hajamshika hata mara mbili.

"Utaenda?"

"Nitaenda Mei," akasema. "Sina budi. Mimi mtu mzima, theluji siwezi kufagia." Kisha akanishika mkono wa koti. "Rato alibaki huku kwa sababu yangu. Nchi yake ilipotulia alitaka kurudi, mimi ndiye niliyesema sihami Lambadal. Mimi nilisema lile neno. Sasa naondoka, namwacha peke yake kule juu. Wewe mtu wa redio una maneno. Niambie, hiyo ni haki?"

Nimepiga maneno redioni miaka kumi na minane, wasikilizaji wapendwa, na jana sikupata hata moja la kumpa.

Kwa Elspa, kwa Høgni aliyekaa uwanja wa ndege na koti lake jeusi mkononi, kwa mkewe na binti yao, tunatoa pole. Mungu awashike. Kwa Lambadal nzima, poleni.

Na ninyi wengine, wengi wenu mnatusikiliza mkiwa mbali, kwenye meli, kwenye vyumba vya kupanga vya Denmark na Norway. Sitawaomba mrudi. Binti zangu wawili wako huko, na niliwapeleka mwenyewe bandarini nikawapungia mkono. Fikirini tu mlikotoka. Fikirini nani amebaki pale, na ana miaka mingapi.

Swali la Elspa bado ninalo hapa mezani. Ndege zikianza kuruka kesho, Høgni atafika. Atakaa siku tatu, kisha atarudi kazini, na mwezi Mei atakuja kumchukua mama yake. Nyumba itafungwa. Mwenye jibu anipigie simu, nitampelekea mama huyu kabla hajafunga mizigo.